Honi ya Twalibu na Mabano Mawili

"Chai inapoa, baba Tahiri," Zabibu alimwita mumewe.

"Imekataa," Twalibu alijibu kutoka ndani.

"Nini kimekataa, chai?"

"Kompyuta. Inasema kuna kosa. Nimesoma, nimerudia, sioni kosa."

Twalibu ni fundi simu. Kibanda chake kiko Ikwiriri, lakini nyumbani kwao ni Chumbi. Mkewe, Zabibu, analima mpunga bondeni pamoja na mama yake, Bi Hanifa. Mpunga ukianza kuiva, Bi Hanifa hukaa shambani juu ya dungu, kibanda chenye miguu mirefu. Huko huamia ndege, yaani huwafukuza wasile mpunga.

Mwaka uliopita maji ya Mto Rufiji yalipanda ghafla. Yalimkuta Bi Hanifa juu ya dungu. Alitolewa kwa mtumbwi, amelowa, hawezi hata kusema. Tangu siku hiyo Twalibu hakutulia. Aliamua kutengeneza kifaa cha kuwaonya watu mapema.

Alisimamisha nguzo mbili. Moja ilikuwa ukingoni mwa mto. Ya pili ilikuwa shambani, penye mfereji. Kila nguzo ilikuwa na alama nyekundu. Maji yakigusa alama, habari ilifika kwenye kikompyuta kidogo ndani ya boksi. Hicho ndicho kingepiga honi, honi ya lori kuukuu. Lakini kompyuta haijui la kufanya mpaka iandikiwe maagizo. Maagizo hayo huitwa programu.

Asubuhi ile Twalibu alihangaika mpaka chai ikawa baridi kabisa. Mwishowe aliliona kosa. Alikuwa amesahau nukta mkato mwishoni mwa mstari. Aliiweka. Kompyuta ikakubali.

"Nukta tu?" Zabibu alishangaa. "Mimi ningeelewa hata bila nukta."

"Hata mimi. Lakini imekubali sasa. Kazi imekwisha."

Kazi haikuwa imekwisha.

Siku chache baadaye honi ililia mchana kweupe. Watu wa bondeni walitupa majembe wakakimbia. Bi Hanifa alishuka dungu akaacha viatu. Nurdini, jirani mwenye shamba la pembeni, alikimbia na mwanawe mgongoni. Walipofika juu wakageuka kutazama. Bonde lilikuwa kavu. Mto ulikuwa palepale. Ila kiboko mmoja aliibuka karibu na nguzo, akajitikisa na kuirushia maji tena, akazama.

Waliporudi, ndege walikuwa wameshatua kwenye mpunga kama wingu.

Twalibu alikagua nyaya. Zilikuwa nzima. Kesho yake honi ililia tena. Alibadilisha betri. Honi ikalia tena. Mara hii ni mtumbwi uliopita ukirusha maji. Alifungua boksi, akalifunga, akalifungua.

"Nimeiambia isubiri," alimwambia mkewe. "Nimeandika kabisa kwamba maji lazima yakae kitambo. Kwa nini haisubiri? Na kama nimekosea, kwa nini haikukataa kama siku ile?"

Jioni Nurdini alikuja amekunja uso. "Fundi, iondoe honi yako. Ndege wamekula kona nzima ya shamba langu."

Bi Hanifa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alisema taratibu, "Mwanangu, nakushukuru kwa nia yako. Lakini mimi sikimbii tena. Miguu imechoka."

Maneno hayo yalimchoma Twalibu kuliko ya Nurdini. Siku maji yatakapokuja kweli, nani atamtoa mama huyu bondeni?

Alikwenda kwa jirani yao, Nasra, mwalimu anayefundisha kompyuta sekondari. Nasra alifika nyumbani kwao, Zabibu akiwa jikoni.

"Hodi. Shikamoo, Bi Hanifa."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Tusaidie, kijana hali wala halali."

Nasra alimwomba Twalibu aseme kwa Kiswahili yale aliyoyaandika. Twalibu akasema:

"Kama nguzo ya mtoni imelowa au nguzo ya shambani imelowa na maji yamekaa kitambo, piga honi."

Nasra akauliza, "Zabibu, nikikwambia niletee kuku au samaki na ndimu, utaniletea nini?"

"Kuku mtupu. Au samaki, na ndimu yake."

"Aa, hapana," Twalibu akaingilia. "Ndimu lazima iletwe. Awe kuku, awe samaki."

"Ndimu ya samaki hiyo!"

"Ya vyote!"

Bi Hanifa akacheka. "Sasa nani kasema kweli?"

"Wote wawili," Nasra alijibu. "Maneno ni yaleyale. Tofauti ni lipi limefungwa na lipi. Sisi watu tunaulizana, tunaelewana. Kompyuta haiulizi. Ina kanuni yake. Katika lugha nyingi za kompyuta, 'na' hufungwa kwanza, 'au' baadaye. Ni kama hesabu, unazidisha kwanza ndipo unajumlisha."

Twalibu alikunja uso. "Bado sijaelewa."

"Tumchukue kiboko. Kajitikisa. Nguzo ya mtoni imelowa?"

"Kweli, imelowa."

"Ya shambani?"

"Si kweli."

"Maji yamekaa?"

"Si kweli."

"Kompyuta inaanza na 'na'. Nguzo ya shambani imelowa na maji yamekaa. 'Na' inataka yote mawili yawe kweli. Jibu?"

"Si kweli."

"Haya. Sasa inabaki 'au'. Mtoni kumelowa, au lile la pili ambalo si kweli. 'Au' inatosheka na moja tu."

Twalibu alifungua mdomo. "Kwa hiyo inapiga honi! Kule kusubiri kumeshikwa na nguzo ya shambani peke yake."

"Ndiyo. Ndiyo maana haikukataa. Ulipokosa nukta mkato, sentensi yako haikusimama, ikakataa. Safari hii sentensi imesimama vizuri. Ila haisemi ulichokusudia, na kompyuta haijui ulichokusudia."

"Nifanyeje?"

"Weka mabano. Yafungie pamoja maneno ya nguzo mbili. Kilichomo ndani ya mabano hufanywa kwanza."

Twalibu akaandika upya: kama (nguzo ya mtoni imelowa au nguzo ya shambani imelowa) na maji yamekaa kitambo, piga honi.

Mara ya kwanza kompyuta ilikataa. Alikuwa amefungua bano bila kulifunga. Safari hii hakuchanganyikiwa. Alilifunga, ikakubali.

Hakuishia hapo. Alikwenda mtoni pamoja na Zabibu, akarusha maji kwenye nguzo. Kimya. Kisha akamimina ndoo ya maji polepole juu ya alama, bila kukatiza. Baada ya kitambo honi ikalia.

Wiki zilipita bila honi kulia hovyo. Kisha asubuhi moja, Twalibu akiwa Ikwiriri, ililia bila kukoma.

"Kiboko huyo," Bi Hanifa alisema akiwa juu ya dungu.

"Mama, shuka," Zabibu alimwambia. "Siku hizi haimlilii kiboko."

"Una hakika?"

"Nilikuwepo ikijaribiwa. Shuka, mama."

Bi Hanifa akashuka. Nurdini alisitasita, kisha akachungulia mferejini. Maji mekundu yalikuwa yakipanda na nyasi juu yake. Alianza kupiga kelele kuwaita wengine. Walibeba watoto, wakabeba mpunga uliokwisha kuvunwa, gunia baada ya gunia, mpaka kwenye mwinuko.

Twalibu alipofika kwa bodaboda, bonde lilikuwa ziwa. Paa la dungu tu ndilo lililoonekana. Alimtafuta Bi Hanifa kwa macho. Alimkuta amekaa juu ya gunia, mkavu, akimmenyea mwana wa Nurdini muhogo.

Nurdini alimsogelea. "Fundi, honi hiyo inaweza kutuambia pia maji yakianza kushuka?"

"Inaweza," Twalibu alisema. Akavuta gunia, akakaa. "Lakini kwanza tuiseme sentensi yenyewe sote, polepole, mpaka iwe na maana moja tu."