Ukungu Upande wa Ndani

Mtoto mchanga katika habari hii ni mama yangu mzazi, kwa hivyo yeye hakukumbuka kitu. Aliyenihadithia ni dada yake, mama mkubwa Jepkorir, na huyo si mtu wa kutunga mambo. Hata uongo mdogo wa kumkwepa mgeni humshinda.

Ilikuwa mwaka wa 1956, siku moja kabla ya Krismasi. Babu yangu Kimaiyo alikamua ng'ombe katika shamba la mzungu karibu na Molo, na siku hiyo dereva wa lori la maziwa alikubali kuipeleka familia Nakuru ikaone madirisha. Maduka ya barabara kuu yalipamba vioo vyao kila Krismasi, na kutazama ilikuwa bure. Babu alivaa koti la kanisani. Nyanya Chelangat alimbeba mama mgongoni. Jepkorir, aliyekuwa na miaka minane, hakulala usiku wa kuamkia siku hiyo kwa furaha.

Nyumbani alibaki mama yake babu, ambaye wote walimwita kogo, na alibaki amenuna. Kwa desturi yetu Wakalenjin, mtoto akizaliwa akina mama wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, huku wakimnusisha ugoro kidogo. Jina analolipigia chafya, basi huyo marehemu ndiye amerudi kumlinda. Babu alikuwa ameokoka, akakataa katakata. Alisema mtoto atabatizwa Rebeka siku ya Krismasi na hilo litatosha. Kogo alimwambia kwamba mtoto asiyeitiwa mtu amelala na mlango wazi. Babu alitoka nje. Walikuwa wamezika watoto wawili kabla ya huyo, na alichoka kuambiwa ni kwa sababu gani.

Madirisha yalikuwa mazuri kweli. Kulikuwa na treni ndogo inayojizungusha yenyewe, na watu walisukumana kuiona. Dirisha la mwisho lilikuwa la duka la nguo. Pamba nyeupe ilitandazwa chini, na juu yake kikawekwa kigari cha mtoto. Ndani ya kigari alilala mdoli mwenye kofia ya lesi, ukubwa wake kama mtoto wa kweli.

Babu na nyanya walirudi kuitazama tena ile treni ndogo. Jepkorir akabaki. Alimhurumia yule mdoli, maana hakuwa na jina, kama mdogo wake. Basi akacheza ule mchezo wa wazee. Alimtajia majina yote aliyowahi kumsikia kogo akiyataja. Mdoli kimya. Majina yakamwishia. Akaongeza moja ambalo watu wazima walilinong'ona tu.

Cheptanui.

Kioo kikaingia ukungu. Kidogo tu, mbele ya mdomo wa mdoli. Jepkorir alidhani ni pumzi yake mwenyewe, akapangusa kwa mkono wa gauni. Haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.

Njia nzima ya kurudi mtoto hakulia, na nyanya akashukuru kwamba amelala vizuri. Walipofika alimshusha mgongoni. Macho yalikuwa wazi. Mwili ulikuwa baridi. Ngumi moja ilikuwa imefumbwa, na walipoifungua walikuta pamba nyeupe.

Siku ya Krismasi hakukuwa na ubatizo. Mtoto alikataa ziwa. Alipumua, lakini ilibidi umwekee sikio kifuani ndipo ujue. Babu aliomba mpaka sauti ikamkauka. Jioni kogo alimvuta Jepkorir nyuma ya nyumba.

"Huko Nakuru ulifanya nini?"

"Nilimwitia mdoli majina, kogo."

"Akaitikia lipi?"

Jepkorir alimnong'onezea. Kogo akakaa chini pale pale, kwenye matope.

Cheptanui alikuwa bintiye, dada yake babu. Akiwa msichana alitumwa kutafuta ndama msituni juu ya Sachangwan, siku ya ukungu. Hakurudi. Mwili haukupatikana wala haukuzikwa, na kwetu asiyezikwa haitwi. Aliyemtuma alikuwa kogo mwenyewe.

Ng'ombe hawajui sikukuu, kwa hivyo kesho yake lori la maziwa liliteremka Nakuru kama kawaida, nao wakapanda. Barabara kuu ilikuwa tupu. Maduka yalikuwa yamefungwa. Ukungu ulikuwa bado pale kiooni. Ulikuja. Ukaondoka. Ukaja tena, polepole, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Kogo alimtajia mtoto majina ya ukoo mzima. Kimya. Ugoro ukammwagikia, na babu, yule aliyekataa, akakitwaa kikopo cha ugoro akamnusisha mtoto kwa kidole chake mwenyewe. Alikuwa analia waziwazi. Kogo akausogeza mdomo karibu na kioo.

"Cheptanui, mwanangu. Ingia basi. Lakini mwache aishi."

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, akataka ziwa.

Mama alikua, akaolewa, akatuzaa. Alikuwa mama mwema na nampenda mpaka leo. Ila Molo kuna baridi. Asubuhi zizini ng'ombe hutoa moshi puani, na sisi hutoa moshi mdomoni. Mama hakutoa hata siku moja. Tulizoea.

Mama mkubwa alinionyesha lile dirisha nikiwa msichana, na kila Krismasi nilipita kulitazama. Siku hizi duka linauza simu. Ukungu ulikuwa pale miaka yote, ukija na kuondoka.

Agosti iliyopita tulimzika mama. Desemba niliwapeleka watoto Nakuru kuona taa, kitinda mimba wangu nikiwa nimembeba mgongoni. Kioo kilikuwa safi. Nilisubiri sana. Safi kabisa. Nikashusha pumzi, nikajiambia kwamba Cheptanui amezikwa hatimaye.

Mgongoni mwangu mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyekuwa ametaja jina.

Leo asubuhi tuko zizini Molo, na baridi ni kali. Sisi wote tunatoa moshi. Nimemshusha mtoto, nimemgeuza anitazame. Anacheka, mdomo wazi. Namtazama tangu jua lichomoze, na bado sijaona kitu.