Vidole Vilivyoshika Jiwe

Kasoro ilikuwa ndogo, na Hermani alijua nani wa kulaumiwa: mgonjwa alikuwa amesahau mkono tumboni. Picha ilionyesha jiwe la figo, jeupe, kubwa kama punje ya haragwe, na vidole vitano vya mifupa vimelizingira.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, katika hospitali ya misheni chini ya mlima Hanang. Hermani, mpiga eksirei aliyehamishiwa huko kutoka Songea, alitoka na filamu ingali ikichuruzika maji.

"Shikamoo, mzee Gidamis. Tutarudia. Safari hii mikono kichwani."

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwa kichwani."

"Mkono wake haujui kutulia," mkewe, Natalia, alidakia. "Uliza mtungi wangu wa pombe ya asali."

Wakacheka, hata mgonjwa, ingawa kicheko kilimkata kama kisu. Daktari Patriki hakucheka. Figo moja ya mzee ilikuwa imekufa zamani. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya ile iliyobaki, na kwa siku mbili hakupata mkojo ila matone ya damu.

"Kesho asubuhi napasua," alisema. "Lakini nipate picha safi. Sipasui kwa kubahatisha."

Natalia akavishwa aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi, akaibana mikono ya mumewe juu ya kichwa. Mashine ikavuma. Hermani akaingia chumba cha giza, akaufunga mlango wake mbovu kwa kuuegemezea jiwe jeusi, laini, aliloliokota barabarani mwaka uliopita baada ya lori la kijiji kupita, akatumbukiza filamu katika dawa.

Nje lilikuwa jua la saa tano. Ndani, chini ya taa nyekundu, harufu ya dawa iligeuka polepole ikawa ya samli iliyochacha na udongo mbichi, na nyuma yake, palipokuwa ukuta mtupu, akasikia ngozi ya ng'ombe ikiburutwa sakafuni, huku picha ikijitokeza kidogo kidogo, uti wa mgongo, nyonga, jiwe, kisha vile vidole, vimelikumbatia zaidi kuliko mwanzo, na juu yao bangili nene; na alipoinama atazame vizuri, kidole cha shahada kikasogea.

Alitoka mbio. "Mzee," alinong'ona, "una bangili?"

Gidamis akafumba macho. "Ya shaba?"

"Sijui. Ni nene."

"Baba yangu. Tulimzika nayo, ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyopakwa samli."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Miezi tisa ukoo mzima ulikuwa umejenga kilima juu ya kaburi la baba yake, kama wanavyofanyiwa wazee wa heshima, na kukizungushia mawe. Ilipokuja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, Gidamis aliyapakia mawe yale kwenye lori, yakawe msingi wa nyumba mpya.

"Nilisema, marehemu hahami. Walio hai ndio wanaohamishwa."

"Ulisema hivyo mbele ya kaburi?" Natalia aliuliza.

Mzee akaugeuzia ukuta uso.

Mganga Qamara aliitwa kutoka kijiji cha Dirma. Aliiinua filamu dirishani, akairudisha haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Anashika chake," alisema. "Mkimpasua, ataondoka na jiwe, na figo, na mwanawe. Rudisheni mawe leo."

Siku ile ndugu waliubomoa msingi, nyumba ikainama. Mawe yakarudi kilimani, yakamwagiwa maziwa na pombe ya asali. Alfajiri Gidamis alipiga yowe, na kitu kikalia ndani ya bakuli la mkojo. Picha ya tatu ilikuwa safi: hakuna jiwe, hakuna mkono. Daktari Patriki akakirudisha kisu kabatini.

Wakati wa kuaga, Natalia alimshika Hermani mkono kwa furaha. "Yamerudi yote, mwanangu, ila moja. Lilidondoka njiani siku ile ya lori. Qamara anasema tusilitafute. Mwenyewe atamfuata aliye nalo."

Hermani hakungoja gari lao liondoke. Alikimbilia chumba cha giza akachukue lile jiwe la mlangoni, awatupie hata kwa dirisha la gari. Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe. Sakafuni pale, jiwe halikuwepo, ila duara ya vumbi mahali lilipokaa mwaka mzima, na harufu ya samli iliyochacha.

Akageuka awaite. Chini ya mbavu zake za kulia kitu kizito, baridi, kilikuwa kimetulia, na kandokando yake, taratibu, kimoja baada ya kingine, vidole vilikuwa vikifumba.