Upande wa Chini wa Jani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipita nyuma ya nyumba na daftari langu kukagua minyanya ya babu. Ilikuwa mashina ishirini na mawili, mistari miwili kando ya ukuta wa bafu. Babu aliipanda mwenyewe, akaimwagilia wiki tatu, kisha akaugua na kufariki kabla haijatoa hata ua moja. Mbegu zake alizirithi kwa mama yake, na mwaka ule alizipanda zote, kopo likabaki tupu. Minyanya ile ikifa, mbegu ile imekwisha. Hilo tulilijua sote nyumbani.

Bibi hakuweza kukagua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na vivuli tu. "Mke mwenzangu," aliniita, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, "macho yako ndiyo macho yangu. Mume wetu ametuachia kazi, tusimtie aibu."

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu aliouweka babu. Kila shina unageuza majani matatu, unahesabu wadudu wa upande wa chini, ndipo unaangalia upande wa juu. Nikimaliza nilimsomea bibi akiwa anakunywa chai. Nikisema kuna vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu na kuacha majani yakinata, alikoroga sabuni kidogo kwenye maji tukawaosha siku ileile.

Shida ilikuwa vidole. Majani ya mnyanya ukiyashika huacha rangi ya kijani inayogeuka nyeusi, na hata usugue vipi haitoki upesi. Rafiki yangu wa dawati moja aliiona mikono yangu akapaza sauti, "Jamani, kumbe nimekaa na fundi gereji!" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo jina langu likawa Fundi Gereji. Hata mwalimu wa hesabu aliniita hivyo siku moja kwa mzaha, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi iliyofuata sikugeuza jani hata moja. Niliangalia juu tu, nikaona viwavi wawili, nikawatoa kwa kijiti. Nikaandika: viwavi wawili, vidukari hakuna.

"Afadhali," bibi alisema nilipomsomea, akanisogezea kikombe changu cha chai.

Nilijisikia vibaya, lakini mikono ilikuwa safi. Kesho yake uongo ulikuwa mwepesi zaidi.

Niliendelea hivyo siku kumi na mbili. Viwavi walikuwa wakiongezeka, nami niliwatoa kwa bidii nikijidai mchapakazi. Siku ya tisa bibi alipapasa njia mpaka kwenye minyanya, akashika jani, akasugua vidole vyake.

"Mbona yananata?"

"Ni umande, bibi."

"Umande haunati, mjukuu wangu."

"Leo ulikuwa mwingi."

Akajifuta vidole kwenye kanga, akarudi ndani. Aliniamini mimi kuliko vidole vyake mwenyewe.

Siku tatu baadaye majani yalikuwa matundu matupu, na nyanya changa zilikuwa zimetobolewa. Sikuweza kuficha tena. Bibi akamwita bwana shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo letu. Alifika na baiskeli yake, akapiga magoti, akageuza jani la kwanza. Upande wa chini vidukari walikuwa wamejazana hata rangi ya jani haikuonekana. Akageuza la pili, na la tatu. Kisha akaomba daftari.

"Vidukari hakuna. Hakuna. Hakuna," alisoma taratibu. "Hawa si wa jana wala juzi. Nani alikuwa akihesabu?"

"Mjukuu wangu," bibi alijibu haraka. "Hakosei huyo."

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikaanza kulia. "Sikugeuza majani, bibi. Siku kumi na mbili sikugeuza. Shuleni wananicheka kwa ajili ya vidole. Na siku ile haukuwa umande."

Bwana shamba hakunikaripia, ila aliniita nichuchumae karibu naye. Kwenye mashina yenye vidukari, viwavi walikuwa wengi na wanene. Kwenye matatu ya mwisho, ambayo vidukari hawakuyafikia, walikuwa wachache na wembamba.

"Mmea nao hujitetea," alinieleza. "Kiwavi akiutafuna, wenyewe hutia kwenye majani vitu vya kumsumbua tumboni. Lakini hapa vidukari walitangulia. Mmea ukahangaika nao, kiwavi alipofika akakuta hauna nguvu ya kumzuia. Si wadudu wote hurahisishiana hivyo, wengine hufukuzana. Ndiyo maana tunawahesabu wote. Wewe ulikuwa ukimtoa mgeni, aliyemfungulia mlango yumo ndani."

Tuling'oa mashina kumi na tisa yasiyoweza kupona tena, tukayachoma. Bibi alitaka kuyashika moja moja kabla hayajaingia motoni, kwa hiyo nilikuwa nikimpa mkononi. Machozi yalimtiririka bila sauti, na hakuyafuta. Sijawahi kuona huzuni namna ile, na ilikuwa kazi ya mikono yangu safi.

Matatu yaliyobaki niliyaosha kwa maji ya sabuni kwa tahadhari, jani kwa jani. Hata hivyo mawili yalinyauka. Moja likazaa nyanya nne. Tuliziacha zikaiva sana, tukakamua mbegu, tukaziosha na kuzianika kwenye sahani. Zilikuwa kiganja kimoja tu, lakini mbegu ya babu iliokoka. Shuleni waliendelea kuniita Fundi Gereji, nami nikawa naitika.

Siku tuliyoanika mbegu nilimwomba bibi msamaha tena.

"Nilishakusamehe," alisema. "Lakini sikia, mke mwenzangu. Macho yangu yaliondoka polepole, nikazoea, kwa sababu nisichokiona nilikuwa naambiwa. Zile siku kumi na mbili ndizo nilizokuwa kipofu kweli. Wale wadudu tungewaweza kwa kipande cha sabuni. Habari mbaya niletee ingali ndogo, hata kama inakuchafua mikono."

Msimu uliofuata tulipanda tena. Kila asubuhi nageuza majani yote na kumsomea. Nikimaliza, bibi huweka kikombe chini na kuuliza, "Umegeuza kweli?" Zamani neno langu lilimtosha. Sasa namshika mkono, tunakwenda wote, naye anahakikisha kwa vidole vyake.