Simu ya Mpiga Chapa

Kila Jumamosi asubuhi, mama yake alipokwenda kazini, Chiriku alibaki ofisini kupokea simu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: meza moja, viti viwili, mabomba ya shaba yaliyoegemezwa ukutani na feni kuukuu yenye kelele nyingi kuliko upepo. Wateja walipoiona walicheka, kwa sababu mama alikuwa fundi wa viyoyozi. "Mganga hajigangi," aliwajibu. Yeye na fundi msaidizi wake walifunga na kutengeneza mitambo ya kupoza na kupasha joto madukani, maofisini na kwenye maghala.

Chiriku halikuwa jina lake. Majirani walimbandika jina hilo kwa kuwa alianza kusema alipoamka na kunyamaza alipolala. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumamosi moja simu ililia saa nne. Rafiki yake alikuwa amesimama mlangoni, kamba ya kuruka mkononi.

"Mwambie mama yako kiyoyozi cha ghala langu kinadondosha maji," ilisema sauti ya mzee mpiga chapa, mteja wao wa siku nyingi. "Si mengi, ila chini yake nimepanga karatasi."

"Sawa, babu. Nitamwambia."

Akaweka simu, akatoka kuruka kamba. Mama aliporudi, habari ile ilikuwa imemtoka kabisa kichwani. Jumapili nayo ikapita.

Jumatatu aliporudi kutoka shule, alimkuta mama ofisini, viatu vyake vya kazi vimelowa. Bomba dogo la kutolea maji lilikuwa limechomoka kwenye kiungo ambacho fundi msaidizi hakukibana vizuri. Maji yaliyoanza kwa matone yalikuwa yamemwagika ghalani mpaka asubuhi ile. Karatasi za kuchapia vitabu vya shule zilikuwa zimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Sasa itakuwaje, mama?"

"Tuna bima," mama alisema. "Kila mwaka tunaichangia. Kazi yetu ikiharibu mali ya mteja, kampuni ya bima inamfidia. Bila hiyo tungeuza hata gari la kazi." Akavuta fomu karibu. "Hapa wanauliza kama tulipewa taarifa mapema. Kuna mtu alipiga simu?"

Ndipo Chiriku alipokumbuka.

"Hapana, mama," akasema.

Mama akaandika: Hapana. Kisha akatia sahihi, akaenda jikoni.

Chiriku aliisogelea fomu, akaisoma. Juu ya sahihi ya mama palichapwa maneno haya: Nathibitisha kwamba maelezo yote niliyotoa ni ya kweli. Aliijua vizuri sahihi ile. Ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule. Alijiambia kwamba lile ni neno moja tu, wala hakuna atakayejua. Wakati wa chakula alikuwa kimya, mpaka mama akamgusa shingo kuona kama ana homa.

Asubuhi mama alitia fomu mkobani, akachukua funguo za gari.

"Mama," Chiriku alisema, "mpiga chapa alipiga simu. Jumamosi. Niliipokea mimi."

Mama akasimama. "Alisema nini?"

Chiriku alieleza yote, hata habari ya kamba.

"Na jana nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

Mama hakugomba. Aliketi, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika mambo yalivyokuwa, akatia sahihi pembeni. "Vaa viatu," akasema. "Leo utachelewa shule. Nitamwandikia mwalimu wako."

Ghalani walimkuta mkaguzi wa bima, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akipiga picha marobota yaliyolowa. Mpiga chapa alikuwa kando yake.

"Mimi nilipiga Jumamosi saa nne," mzee alikuwa akieleza. "Akapokea mtoto." Akamwonyesha simu yake.

Mkaguzi aliipokea fomu kwa mama, akaisoma taratibu mpaka mwisho. "Naona mmeliandika hilo," akasema.

"Ni mimi niliyepokea, nikasahau," Chiriku alisema. "Naomba unisamehe, babu."

Mzee aliokota karatasi moja iliyolowa. "Mimi kwa umri huu ningesahau hata kwamba kuna simu," akasema. "Lakini hizi zilikuwa za vitabu vya watoto kama wewe. Haya, nimekusamehe."

"Je, watakataa kulipa?" mama alimwuliza mkaguzi.

"Kiungo kilegevu ni kosa, na kusahau ni kosa. Bima ipo kwa ajili ya makosa. Lakini fomu yenye uongo ningeirudisha leo hii, na msingepata chochote. Nitaandika kama mlivyosema."

Baada ya wiki tano kampuni ya bima ilimlipa mpiga chapa sehemu kubwa ya hasara. Ile iliyozidi kwa sababu ya kuchelewa, mama aliifidia kwa kuhudumia viyoyozi vyake mwaka mzima bila malipo. Chiriku naye alikwenda ghalani Jumamosi tatu kuchambua karatasi zilizosalimika. Mzee alimfundisha kupapasa ukingo wa karatasi kwa kidole na kujua ipi imeingia unyevu.

Jumamosi ya tatu, wakirudi kwa gari la kazi, Chiriku aliuliza, "Mama, mbona siku ile hukunigombeza?"

Mama alingoja lori lipite, kisha akakata kona.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Hilo karatasi zimekufundisha vizuri kuliko ambavyo ningekufundisha mimi. Ila nikuambie jambo moja. Karatasi zimelipwa. Watu wakiacha kuiamini sahihi yangu, hakuna bima ya kunirudishia. Ukikosea, mwanangu, njoo useme siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Ulichelewa, lakini ulisema."