Kwa Nini Maranga Alichoma Ile Riwaya

"Bathsheba, lete hicho kitabu!"

Kabla nijibu, mume wangu alikuwa ameninyang'anya. Akakisukuma ndani ya jiko... moto ukashika!

"Nyumba ya mzee wa kanisa haisomi takataka!"

Jamani, nililia kama nimefiwa.

Mimi huuza mitumba sokoni Migori. Mambo ya riwaya sikuwa nayo. Hii aliniazima rafiki yangu Susana.

"Ni ya msichana wa Homa Bay, Valentine. Ndiyo yake ya kwanza. Jaribu tu."

Weuh! Wateja waliniita, sisikii! Ni hadithi ya mtoto anayemwekea babake kiti kila Krismasi, na baba haji. Hapa nacheka peke yangu, pale nafuta machozi na sketi ya kuuza.

Jioni hiyo nilikuwa namsomea Maranga kwa sauti. Nilipofika pale baba anatoroka na pikipiki ya shemeji yake, akaruka kuninyang'anya.

Nikaenda Homa Bay kutafuta nakala nyingine. Valentine alikuwa kwenye ukumbi fulani akiuza vitabu vyake.

"Nikuandikie jina gani, mama?"

"Bathsheba. Bibi ya Maranga wa hardware, Suna huko Migori."

Kalamu ikasimama.

"Maranga mwenye kovu kidevuni?"

"Unamjua?"

"Ni babangu."

"Haiwezekani! Aliniambia bibi yake wa kwanza, Filister, alikufa pamoja na mtoto! Miaka yote nimewalilia!"

"Filister ndiye huyo anayegawa soda."

Yule mama akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Karibu, nyieka," akasema. Yaani mke mwenza.

Nikarudi Suna.

"Maranga, wako hai!"

Hakuacha hata kutafuna.

"Kwangu walikufa. Na wewe ukiwafuata, utakuwa wa tatu."

Nikafunga nguo zangu, nikawafuata. Hapa naandika nikiwa kwa Filister. Riwaya nimeimaliza, nikairudia. Tamu mpaka basi! Mwisho siwaambii, nunueni.

Jana Susana akanipigia simu.

"Maranga amepata mchumba Isebania."

"Heh! Na amemwambia nini juu yangu?"

Akashusha sauti.

"Kwamba ulikufa kwa ajali."

Dada wa Isebania, kama unasoma hii, sikiza. Mwanamume akikwambia bibi yake alikufa, usimpe pole kwanza. Mwambie akupeleke uone kaburi.