Ndoano ya Tanuru la Saba

"Narisu, unanisikia?" sauti ya kike ikauliza redioni.

"Nakusikia, Dada Lanying."

"Ndoano ya chuma kibovu cha tanuru la saba imefungwa kwenye lifti ya mgodi wa kificho. Zamu inashuka saa sita. Watu sitini. Mgodi hauko kwenye orodha yoyote. Anayeujua ni mwizi wa seriamu tu, na tunadhani ni Pang Delu."

"Mnadhani?"

"Hakikisha kwanza. Hasira zako ziache getini."

Saa tano na robo.

Narisu, jasusi wa usalama, akaingia ghala la kiwanda akiwa na kitambulisho bandia cha ukaguzi na bastola yake, QSZ-92, chini ya koti.

Hasira hakuziacha popote.

Mji wa Baotou ulikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Katika baridi hiyo chuma kibovu hukatika kama biskuti. Vipande vichache vya seriamu, metali adimu, kwenye chuma kilichoyeyuka hukamata uchafu wa salfa, chuma kikawa kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Mtu alikuwa akiuza seriamu halisi kwa magendo, na kutupa takataka katika tanuru la saba. Majira ya baridi yaliyopita ndoano ilikatika, lifti ikaanguka na watu kumi na wawili. Mmoja alikuwa Burgud, mdogo wake Narisu. Jeneza lake lilikuwa jepesi mno.

"Karibu, Ndugu Mkaguzi!" Meneja Pang alicheka, mnene, sweta lenye ukosi wa manyoya. "Chai ya maziwa?"

"Sigara inatosha. Nina tupa hapa, nipe kipande cha seriamu."

Mafundi wote wa Baotou huwashia sigara hivyo. Unaikwaruza seriamu kwa tupa, cheche zinaruka. Hata mfagizi anajua.

Pang akatoa kiberiti cha gesi. Haraka mno.

"Ya nini kujisumbua, kaka?"

Narisu akachukua kipande rafuni, akakwaruza.

Hakuna cheche.

Akakwaruza kingine. Hakuna. Rafu nzima ni takataka.

"Ndiye," akanong'ona redioni.

Pang akakimbia. Hakufika mlangoni. Teke moja, magoti chini, mnyororo kiunoni, mnyororo kwenye ndoano ya kreni, kitufe. Meneja akapaa mita kumi na mbili juu ya sakafu, akipiga mateke.

"We mwendawazimu! Nishushe!"

"Soma namba kwenye ndoano, Pang."

Pang akainua macho. Saba: hata hii ilitoka tanuru lile.

Uso ukamgeuka kijivu.

"Itakatika! Jamani, itakatika!"

"Burgud hakupata nafasi ya kulia hivyo. Mgodi uko wapi, mbwa wewe?"

Kreni ikapiga kelele. Pang akamwaga yote: "Bonde la Ulanbulag! Nyuma ya kiwanda cha matofali! Namba ya msimamizi imo kwenye simu yangu ya Huawei, mfukoni mwa koti, pale kitini!"

Narisu akaitoa simu, akaisoma namba redioni. Saa sita kasoro dakika nne.

"Msimamizi amepokea," Lanying akasema. "Lifti imesimama. Wote wako juu."

Kidole cha Narisu kilibaki kwenye kitufe. Mtikiso mmoja tu na ndoano ingekatika. Alimtaka afe, aliutaka mwili wake sakafuni pale. Aliwahesabu wale kumi na wawili waliokufa, kwa majina, kwa sauti, Pang akisikia kila jina.

Kisha akampa askari aliyeingia kidhibiti cha kreni.

"Nimshushe, afande?"

"Mshushe. Polepole sana."

"Mbona polepole?"

"Ni chuma chake mwenyewe."

Askari wote wakarudi nyuma hatua tatu. Narisu akafunga koti, akatoka nje kwenye theluji, Pang akipiga mayowe juu.