Vilima vya Saa Kumi

Kila siku baada ya masomo, Kinanda alishuka basi la shule langoni mwa kituo cha darubini alikofanya kazi mama yake. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, kwa kuwa mtoto hakujua kunyamaza. Akioga anaimba, akifua anaimba, hata akinuna anaimba kwa pua.

"Shikamoo, babu," alimwamkia mlinzi.

"Marahaba, Kinanda. Una simu? Redio?"

"Sina, babu."

"Una mdomo tu. Huo nao ningeufungia humu," mlinzi alisema, akigonga kasha la bati ambamo wafanyakazi wote waliacha simu zao.

Kasha lile halikuwa mchezo. Darubini ya pale haikuwa ya kuchungulia kwa jicho. Ilikuwa sahani ya chuma, pana kama uwanja wa netiboli, iliyotegwa angani kama sikio. Ilisikiliza minong'ono ya mbali mno, mawimbi ya redio yatokayo angani. Kuwasha simu karibu na vipokezi vyake ilikuwa sawa na kupuliza filimbi karibu na mtu anayesikiliza nyayo za sisimizi.

Mama alikuwa mtafiti. Aliyaeleza mambo yake kwa vitendawili, maana nyumbani kwao hata habari ngumu zilipitia mlango huo.

"Kitendawili," alimtegea Kinanda siku moja.

"Tega!"

"Amekwisha kufa, lakini pumzi yake bado inatembea."

Kinanda alikuna kichwa, akashindwa.

"Basi nipe mji," mama alidai.

"Nakupa jikoni."

"Jikoni si mji, we mtoto!"

"Ndio huo nilio nao."

Mama alicheka, akatoa jibu. "Ni nyota. Ikizeeka, hupumua nje hewa yake, ikawa wingu linalotanda taratibu. Tunaliita nebula ya sayari, ingawa sayari haimo. Waliolipa jina waliliona la duara, wakalifananisha. Ndani ya wingu changa mara nyingi mna kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu wakilala na jiko la mkaa chumbani. Swali langu ni moja: wingu likizeeka, hewa ile hubaki, au mwanga mkali wa nyota huivunja yote?"

Kwa miaka mitatu mama alilingojea jibu. Sasa alikuwa amepewa siku chache za darubini ili achore ramani ya wingu moja kongwe. Sahani ilisikiliza kidoti kimoja cha wingu kwa dakika ishirini, kisha ikasogea kwenye kingine. Vidoti vilikuwa sitini, na wingu lilikuwa juu ya upeo saa chache tu kila alasiri. Penye hewa, mstari kwenye kompyuta ungeinuka kama kilima. Pasipo na hewa, ungelala.

Ulilala. Kidoti cha kumi, cha ishirini, cha arobaini, mstari umelala tu kama mgonjwa. Ijumaa adhuhuri darubini ingepewa watafiti wengine, na mkuu wa kituo alikwisha sema: pasipo kilima hata kimoja, kazi ile itafungwa. Mama aliacha kucheka. Chakula alikisukuma pembeni ya sahani, akalala kabla hakijapoa.

Jumatano ile, mwalimu wa muziki aliahidi kutuma kwa simu majina ya waliochaguliwa kuingia kwaya, saa kumi alasiri. Kinanda alikuwa na simu kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake. Aliitia ndani ya soksi, soksi akaifukia ndani kabisa ya mkoba.

"Una simu?" mlinzi aliuliza.

"Sina, babu."

Aliketi kwenye kijichumba alikozoea kufanyia kazi za shule, ukuta kwa ukuta na chumba cha vipokezi. Saa kumi kamili aliwasha simu. Mwalimu alichelewa. Majina yalipofika, Kinanda aliyasoma mara tatu. Lake halikuwamo. Saa kumi na dakika arobaini alizima simu, akafuta machozi kwa soksi ile ile.

Ndipo akasikia ukelele wa mama. "Fundi! Njoo uone!"

Fundi wa vipokezi alikuja mbio, mkate mdomoni. Kwenye kompyuta, ukingoni mwa wingu, palisimama vilima viwili.

"Mbona vimesimama wima hivi, dada?" fundi aliuliza. "Kilima cha hewa huwa na mabega. Hivi ni misumari."

"Ni hewa iliyotulia."

"Sawa, lakini..."

"Usiniletee lakini, kaka. Nimelala na lakini miaka mitatu!"

Kinanda alichungulia begani mwa mama. Kidoti cha arobaini na saba kilianza saa kumi kamili. Cha arobaini na nane, saa kumi na dakika ishirini. Alirudi kijichumbani, akaifukia tena simu ndani ya mkoba.

Jioni mama aliimba akiosha vyombo. "Kinanda chetu kimekatika nyuzi?" alitania.

Alhamisi alimkuta mama akiandika ripoti ya kumpelekea mkuu.

"Mama, kitendawili."

"Tega upesi, nina kazi."

"Nililala ndani ya soksi, nikajenga vilima viwili angani."

"Kidole?"

"Hapana."

"Kucha?"

"Hapana."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

Kinanda hakuutaka mji. Aliweka mezani soksi tupu. "Ni simu, mama. Niliiwasha jana, saa kumi kamili mpaka saa kumi na dakika arobaini. Leo nimempa babu mlinzi."

Mama alitazama soksi, akatazama vile vilima. Hakugomba. "Toka nje kidogo, mwanangu," alisema, na sauti haikuwa yake.

Kinanda aliketi ngazini. Fundi alikuja kukaa karibu naye. "Nilisema ni misumari," alinong'ona, bila furaha yoyote.

Muda wa kurudia vidoti vile haukuwapo. Vya mwisho vilimaliza alasiri yote ile, navyo vililala. Ijumaa adhuhuri sahani iligeuka taratibu, ikalipa wingu lile kisogo. Mkuu alifunga kazi ya miaka mitatu kwa mistari miwili.

"Ningenyamaza ungefurahi," Kinanda alisema, akilia.

"Ningefurahi miezi michache," mama alijibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kisha mwingine angesikiliza pale, akute patupu, asiamini tena hata kidoti kimoja changu. Umetaja saa, tumefuta viwili tu. Hamsini na nane ni vya kweli, navyo havikuonyesha hewa. Jibu hili silipendi, ila si la uongo. Ulikosea kuficha simu, na kumdanganya babu. Mimi nilikosea kumziba fundi mdomo, kwa kuwa nilivitaka sana vilima. Ukweli uliochelewa siku moja umeniumiza, Kinanda. Ungechelewa mwaka, ungeniumbua."

Alimpa ramani: karatasi ya buluu tupu, yenye matundu mawili meupe palipofutwa vidoti.

"Kitendawili chako kilinishinda. Mji wako huu hapa."

"Hauna kitu, mama."

"Hauna. Ndio huo nilio nao."

Kinanda aliikunja ramani mara nne, akaitia ndani ya soksi.